Wazamivu wa Ghuba ya Mwanza

Miaka ya 1970, mvuvi wa Mwanza hakumjali sana furu. Samaki mdogo, miba tele, bei ya chini. Wengi walipelekwa kiwandani kusagwa unga wa kulishia mifugo. Lakini furu huyo huyo ndiye aliyewaleta Waholanzi Nyegezi, Mwanza.

Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Leiden kilianzisha kikosi cha kuchunguza furu wa Ziwa Victoria, kikajulikana kwa kifupi chake, HEST. Shahada ya udaktari Waswahili tunaiita uzamivu, na hapa jina lilikaa mahali pake: mwanafunzi alikwenda na boti, akashusha wavu, akapanga samaki mmoja mmoja mezani. Ziwani mlikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, karibu zote hazipatikani kwingineko. Mmoja anavunja konokono kwa taya la pili lililo kooni, mwingine anakwangua miani kwenye mawe, mwingine anakula wenzake. Jike hulea mayai mdomoni. Mwanafunzi alichagua kundi lake na kuuliza: taya hili limeumbwaje, na linafanya kazi gani?

Kisha sangara, samaki mkubwa alaye samaki wengine, akaingia.

Alikuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, upande wa Uganda, na HEST ilipoanza alikuwa nadra katika ghuba. Katikati ya miaka ya 1980 akajaa nyavuni. Mtu anaandika tasnifu juu ya samaki, na samaki mwenyewe anazidi kuadimika kila boti inaporudi! Bahati ni kwamba walikuwa wamevua na kuhesabu katika vituo vile vile mwaka baada ya mwaka, kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na ndiyo iliyogeuka kuwa ushahidi. Mwaka 1992 Frans Witte wa HEST na wenzake walikadiria kwamba aina zipatazo 200 zimetoweka au zinakaribia kutoweka. Mwenzao Tijs Goldschmidt akaandika kitabu mwaka 1994, na msiba wa furu ukawafikia hata wasomaji wasiojua biolojia.

Kizazi kilichofuata kilikwenda kwenye miamba, ambako furu wengi zaidi walisalia. Ole Seehausen alimfanyia majaribio furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, *nyererei*, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu, pamoja na jamaa yake wa rangi ya samawati aitwaye kisayansi *Pundamilia pundamilia*, kwa Kiswahili safi kabisa. Chini ya taa nyeupe jike alimtambua dume wa aina yake. Taa ilipobadilishwa ikawa ya rangi moja, akashindwa kuwatofautisha. Basi sangara hakuwa mkosaji peke yake: maji yaliyochafuka na kuwa ya tope hupunguza rangi za mwanga, na hivyo yanafuta mipaka kati ya aina na aina.

Mjini Leiden mtahiniwa husubiri katika chumba kidogo kiitwacho chumba cha jasho, na akishahitimu hutia saini ukutani. Kwa miaka mingi majina ya waliosomea furu hapo yalikuwa ya Ulaya, ilhali waliovuta nyavu na kuwajua samaki kwa majina ya nyumbani walikuwa watu wa Mwanza. Hilo silisifu. Baadaye mtafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, naye alitetea tasnifu yake huko.

Samaki wenyewe wamelala kwenye spiriti katika jumba la makumbusho mjini humo. Mmoja wao, *pyrrhocephalus*, yaani kichwa cha moto, karibu atoweke, kisha akarudi miaka ya 1990 sangara walipovuliwa sana. Walipowapima waliorudi na kuwalinganisha na wa zamani waliohifadhiwa, eneo la matamvua lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64, maana ziwa sasa lina oksijeni kidogo. Na macho yamekuwa madogo.