Saa Mezani, Watu Kijiweni

Katika vijiwe vya Bariadi, mchezo wa ubao utakaoukuta mara nyingi ni drafti. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba na kete ni vizibo vya soda: mmoja huvilaza chali, mwenzake huvilaza kifudifudi. Hakuna saa. Hata hivyo, mchezaji akiganda mno juu ya kizibo kimoja, anayesubiri zamu nyuma yake atamwuliza kama amelala, na wa bodaboda atamkumbusha kwamba kuna watu wana kazi. Akifungwa, anainuka na kumpisha mwingine. Muda upo, ila unatunzwa na watu.

Ni vizuri kuanzia hapo tunapozungumzia sataranji ya haraka, ile ambayo vijana wanaoicheza kwenye simu huiita blitzi. Wengi huiona kama jambo la ugenini, mchezo wa mashine na sekunde. Lakini swali lililoizaa linajulikana na kila aliyewahi kukaa kijiweni: mtu asiyetaka kucheza zamu yake afanywe nini?

Wasukuma walikuwa na jibu lao kabla ya drafti. Isolo, bao lao la safu nne zenye mashimo manane kila moja, lilichezwa na wanaume, wanawake na wavulana, kila kundi kwa kanuni zake. Ni ndugu wa bao la pwani lenye kete 64, ambalo mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alilichunguza kwa mafundi wa Zanzibar, akaliandikia tasnifu mwaka 1995 kuhusu mipaka ya akili ya binadamu. Mgeni akimwangalia fundi wa bao hudhani anasambaza kete bila kufikiri, kwa jinsi mkono unavyokimbia. Kumbe hesabu imekwisha fanyika kabla mkono haujanyanyuka, na waliozunguka ubao wanaijua. Katika ngoma nako ni hivyo hivyo. Wagika na Wagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma vya Usukuma, hucheza kwa wakati mmoja na umati huamua kwa miguu yake, kwa kumiminikia upande uliowavutia zaidi. Shahidi ndiye mwamuzi.

Sataranji nayo ilizaliwa bila saa. Ilitoka India, ikapitia Uajemi, ikafika kwa Waarabu walioiita shatranji, na jina hilo ndilo tulilolirithi. Kwa karne nyingi waliocheza waliaminiana kwamba hakuna atakayemchosha mwenzake kwa makusudi. Imani hiyo ilivunjika hadharani mwaka 1851, katika mashindano ya kimataifa ya London. Howard Staunton, aliyeyaandaa, alilalamika kwamba mpinzani wake Elijah Williams alikuwa akikaa muda mrefu mno kwa kila hatua. Staunton alishindwa, na hakukuwa na kanuni ya kumsaidia. Watazamaji walikuwapo, lakini ustaarabu wa ukumbi ule haukuwaruhusu kumwuliza Williams kama amelala.

Kazi ya kijiwe ikabidi ipewe kifaa. Mwaka 1861 Adolf Anderssen na Ignatz Kolisch walipimiana muda kwa chupa za mchanga, saa mbili kwa hatua 24. Mwaka 1883, London tena, ikatumika saa aliyoibuni Thomas Bright Wilson wa Manchester: saa mbili juu ya mhimili mmoja, unapoisimamisha yako, ya mwenzako inaanza kutembea. Umbo limebadilika tangu hapo, wazo ni lile lile.

Dawa ya uzembe ikageuka kuwa mchezo wenyewe. Watu walianza kupeana dakika tano tano kwa mchezo mzima. Mwezi Aprili 1970 huko Herceg Novi, Yugoslavia, walikusanywa wachezaji 12, wakiwamo waliokuwa mabingwa wa dunia Tal, Petrosian na Smyslov, wakacheza kwa dakika tano. Bobby Fischer wa Marekani alipata pointi 19 kati ya 22. Tal, wa pili, alipata 14.5. Kwa tofauti kubwa namna hiyo, ilikuwa vigumu kusema dakika tano ni bahati nasibu. Fischer huyo huyo baadaye alibuni saa inayomwongezea mchezaji sekunde chache kila anapocheza, ili mwenye mchezo mzuri asishindwe kwa kukosa muda wa kuumaliza. Leo ubingwa wa dunia wa blitzi huchezwa kwa dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila hatua.

Anayeanza ajue machache. Kwa kanuni za shirikisho la dunia, FIDE, mchezo wa dakika 10 au pungufu kwa kila mchezaji ni blitzi. Mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa. Muda ukikuishia umeshindwa, hata kama ulikuwa na kete nyingi, isipokuwa kama mwenzako hana njia yoyote ya kumfunga mfalme wako. Hapo ni sare. Usitafute hatua bora kuliko zote, tafuta iliyo salama, kisha ucheze. Fungua mchezo kwa njia moja au mbili unazozifahamu vizuri. Na ukiwa unaongoza, rahisisha ubao kwa kubadilishana kete.

Hapo ndipo methali zetu mbili zinapogombana. Haraka haraka haina baraka, lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Haraka ya fundi wa isolo imetokana na miaka ya kukaa pembeni akitazama wakubwa, na ya Fischer ilitokana na maelfu ya michezo aliyoisoma polepole. Simu humpa kijana wa Maswa au Meatu saa na mpinzani wa nchi yoyote. Haimpi yule mzee wa pembeni atakayemwambia, "Rudi nyuma, tazama ulipokosea." Akifungwa anabonyeza kitufe na kuanza tena, usiku kucha, akirudia kosa lile lile kwa kasi kubwa zaidi.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuanzisha sataranji shuleni asikimbilie kununua saa. Ubao unaweza kuchorwa kwenye boksi, na kete zikawa vizibo vilivyoandikwa majina. Wanafunzi wacheze kwanza bila muda, wenzao wakiwa wamewazunguka na mchezo ukijadiliwa baada ya kwisha. Muhula unaofuata wapeane dakika 10 kwa saa ya simu ya mwalimu. Zile dakika tano zinaweza kusubiri mpaka mtoto aweze kuwaeleza wenzake kwa nini alifungwa.