Cunningham na Jeti ya Kwanza ya Abiria Kutua Afrika Mashariki

Ukiuliza ndege ya abiria ya jeti ilitua wapi kwanza Afrika Mashariki, wengi watakutajia Entebbe, Mei 1952. Heshima ya Entebbe ipo na haipingwi: ndiko walikopita abiria wa kwanza waliolipa nauli. Lakini ndege ya aina hiyohiyo, Comet, ilikwisha kutua Eastleigh, Nairobi, mwaka 1950, ikiwa mikononi mwa rubani wa majaribio John Cunningham. Anayeandika tarehe ya urubani wa nchi zetu hana budi kumpa mtu huyo nafasi yake, na habari zake zinaanzia Vita vya Pili vya Dunia.

Waliomtangulia tuwataje upesi. Mjerumani Bruno Büchner alirusha ndege yake Dar es Salaam mwaka 1914. Mwingereza John Cull aliruka juu ya delta ya Rufiji mwaka 1915, akiwaelekeza wapiga mizinga hadi manowari Königsberg ikaangamia. Roald Dahl, mfanyakazi wa Shell jijini Dar es Salaam, alijifunza urubani Nairobi, kisha akapigana Ugiriki mwaka 1941. Kwa watu wa Rungwe, mkoani Mbeya, ndege zilisogea karibu mwaka 1932, Imperial Airways ilipoanza safari za London hadi Cape Town na kuifanya Mbeya kituo. Mwaka 1937 zikaja ndege za kutua majini; njia kuu ikahamia pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Mbeya ikaachwa kando. Nyanda zetu za juu zilipoteza kitu kikubwa pale, na waandishi wa mambo ya anga wamelipita jambo hilo kimyakimya.

Cunningham alizaliwa tarehe 27 Julai 1917, kusini mwa London. Mwaka 1935 aliingia chuo cha ufundi cha kiwanda cha de Havilland, akajiunga pia na kikosi cha akiba namba 604. Kabla ya vita alikuwa tayari anapima ndege ndogo za kiwanda. Mwaka 1939 mojawapo, aina ya Moth Minor, ilianza kuzunguka angani ikagoma kunyooka; yeye na Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kiwanda, wakaruka kwa miamvuli, wakasalimika.

Vita vilipopamba moto mwaka 1940, Wajerumani walianza kuipiga London usiku. Mchana rubani humwona adui wake kwa mbali. Usiku aliweza kupishana naye mita mia moja asimjue. Kikosi namba 604 kikapewa ndege za Beaufighter zenye rada ndani. Nyuma ya Cunningham alikaa Jimmy Rawnsley, fundi umeme aliyeanza kikosini kama mpiga bunduki. Rawnsley aliinamia vioo viwili vidogo vyenye mstari wa mwanga, akitazama kinundu kinachojitokeza: kioo kimoja kilionyesha kama adui yuko kulia au kushoto, kingine juu au chini. Alisema kwenye simu ya ndani, kulia kidogo, panda, punguza mwendo. Cunningham alitii bila kuona kitu. Alikuja taratibu kutoka chini na nyuma, hadi akaona kwa macho yake umbo jeusi likizifunika nyota, na ndimi za moto kwenye mabomba ya moshi. Hapo ndipo mizinga minne iliyo tumboni mwa ndege ilipofyatuliwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba 1940 aliangusha ya kwanza, Junkers 88. Tarehe 15 Aprili 1941 akaangusha tatu usiku mmoja. Vita vilipokwisha, hesabu yake ilikuwa 20, na 19 kati ya hizo ni za usiku.

Hapa inafaa kusimama kwenye habari ya karoti, maana imeenea dunia nzima. Magazeti ya Uingereza yalimwita Macho ya Paka, na serikali ikaeneza kwamba marubani wake wanaona gizani kwa sababu ya kula karoti. Rada ilikuwa siri, na siri ilihitaji kifuniko. Karoti ni chakula chema, na aliyepungukiwa vitamini A humsaidia kuona vizuri zaidi jioni. Lakini hakuna karoti iliyomwonyesha mtu Junkers katikati ya wingu. Sifa hiyo ni ya Rawnsley na vioo vyake, na Cunningham mwenyewe hakulipenda jina lile.

Septemba 1946 Geoffrey yule wa mwamvuli alikufa ndege yake ya majaribio ilipovunjika hewani. Cunningham akashika nafasi yake ya mkuu wa marubani wa majaribio. Tarehe 23 Machi 1948 alipanda na ndege ya jeti ya Vampire hadi mita 18,119, rekodi ya dunia wakati ule: ni kama Mlima Rungwe sita mmoja juu ya mwingine, na bado ukapungukiwa. Tarehe 27 Julai 1949, siku aliyotimiza miaka 32, aliirusha Comet kwa mara ya kwanza kwa dakika 31. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria duniani iliyoundwa kwa injini za jeti.

Aprili 1950 akaileta Afrika. London hadi Cairo alitumia saa tano na dakika chache. Akaendelea Khartoum kwa ajili ya joto, na Nairobi kwa ajili ya kimo. Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na cha mji wa Tukuyu. Huko hewa ni nyepesi: injini inapata oksijeni kidogo, bawa linabebwa kwa shida, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Bila vipimo hivyo hakuna ambaye angethubutu kupakia abiria katika viwanja vya Afrika.

Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya shirika la ndege la BOAC, yenye namba G-ALYP, iliondoka London ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hadi Johannesburg, kwa muda usiotimia saa 24. Ndege hiyohiyo ilipasuka hewani karibu na Elba tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu 35. Aprili ikafuata nyingine karibu na Naples, wakafa 21. Wataalamu wa ndege wa Farnborough, Uingereza, waliizamisha bodi ya Comet kwenye tangi la maji, wakaijaza shinikizo na kulipunguza tena na tena, hadi bati lake likachanika kwenye kona ya dirisha: lilikuwa limechoka.

Cunningham hakuiacha. Desemba 1955 aliizunguka dunia kwa Comet 3, na mwaka 1960 Comet 4 zikafika kwa shirika letu, East African Airways, mbili kwanza, ya tatu mwaka 1962. Shirika hilo lilianza mwaka 1946 na Dragon Rapide sita, nazo za de Havilland. Mbeya iliingoja jeti kwa muda mrefu zaidi. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa Desemba 2012, na leo msafiri wa Suma, Rungwe, hupita Tukuyu, Kiwira na Uyole kwenda kupanda Airbus A220 ya Air Tanzania.