Kuisoma Sarafu Kuukuu

Kila siku jioni, saa za kufunga kazi, barabara itokayo katika eneo la EPZ hapa Athi River hujaa watu. Wengi wao ni vijana washonao nguo za kupelekwa ng'ambo, maana eneo hili ni tunda la sheria iliyopitishwa mwaka 1990 ili bidhaa zitengenezwe nchini na kuuzwa nje. Mshahara wao hawaushiki mkononi. Huingia benki au katika simu. Kwa hiyo nilistaajabu siku moja dada mmoja katika hao aliponijia nyumbani, mkono mmoja ameshika sarafu nyeusi, na mkono wa pili ndimu.

"Mwalimu," akasema, "hii ni shilingi aliyoiacha baba yake babu. Nataka kuisugua kwa majivu na ndimu ing'are, kisha niipeleke kwa mnunuzi."

Nikamwomba aiweke ndimu chini kwanza. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilifanya jambo lilo hilo. Niliitwaa sarafu ya nyanya yangu, nikaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikametameta kama sufuria mpya. Nilidhani nimeipamba. Miaka mingi baadaye, nilipojifunza habari za sarafu, ndipo nilipotambua ya kuwa nilikuwa nimeifuta. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Na mjukuu huyo alikuwa mimi.

Yafaa basi tujue jinsi ya kuitazama sarafu ya fedha kabla ya kuigusa. Kwanza, ishike kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, maana jasho la vidole huacha alama. Pili, keti mahali penye taa moja itokayo upande mmoja, uigeuze sarafu polepole. Sarafu inapopigwa chapa kiwandani, madini husukumwa kutoka katikati kwenda pembeni, na huacha mistari myembamba mno. Mistari hiyo ndiyo iufanyao mwanga uzunguke juu ya sarafu mpya kama vijiti vya gurudumu. Mng'ao huo ukiisha haurudi, hata usugue mwaka mzima.

Tatu, tafuta mahali palipolika. Sehemu zilizoinuka ndizo zigusanazo na mikono na mifuko, nazo hulika kwanza. Katika shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati wa Mfalme George wa Tano, tazama taji na nyusi zake. Upande wa pili, tazama manyoya ya shingo ya simba asimamaye mbele ya milima. Nywele zikionekana moja moja, sarafu imetumika kidogo. Zikiwa zimeungana kuwa bapa, imetumika sana. Hata tarehe ikiwa haisomeki, basi imefika mwisho wa safari yake.

Nne, pambanua kulika na kuharibiwa. Kulika ni kazi ya miaka, nako hulainisha. Kusugua ni kazi ya dakika, nako huacha mikwaruzo mingi iliyoelekea upande mmoja, pamoja na mng'ao mkavu usiozunguka. Na ule weusi tunaouchukia si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa iliyomo hewani na katika moshi. Ukiuondoa kwa asidi au kwa majivu, umeondoa na ngozi ya sarafu.

Tulipoitazama shilingi ya yule dada kwa kioo cha kukuzia, tuliona taji limelika nusu, manyoya ya simba yamekuwa bapa, lakini herufi zote zi kamili, na mwaka wasomeka wazi: 1922. Nyuma ya simba palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu. Ndani yake mlikuwa meusi sawa na sehemu nyingine, nasi tukajua ya kuwa ulikuwa mkwaruzo wa zamani, maana mkwaruzo mpya hung'aa. Hivyo tuliihesabu kuwa sarafu ya hali ya katikati: imetumika kwa haki, wala haijasuguliwa kamwe.

Lakini mwaka ule 1922 wasema nini? Reli ilipopita hapa Athi mwaka 1899 kuelekea Nairobi, fedha iliyotumika ilikuwa rupia ya Kihindi, yenye uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 12 za uzito huo, 11 zilikuwa fedha safi. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliweka florini mahali pa rupia, na mwaka uliofuata ikaleta shilingi. Rupia moja ikahesabiwa sawa na shilingi mbili. Shilingi hiyo ilikuwa na gramu 7.78, na robo yake tu ndiyo fedha. Kwa hiyo rupia ilikuwa na fedha safi zaidi ya gramu 10, na shilingi mbili hazikufikia gramu 4.

Tena mwaka 1921 waajiri wa kizungu walikubaliana kupunguza mshahara wa wafanyakazi Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku alisimama kuyapinga mambo hayo pamoja na kipande na kodi. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi, wengine wakafa.

Shilingi yenye mwaka huo, iliyolika kwa kupita katika mikono ya watu wa kazi, ni shahidi wa siku zile. Babu yule hakuacha barua wala picha. Aliacha hiyo.

Nilimwambia dada ukweli: shilingi za namna hiyo zilipigwa chapa kwa wingi sana, wala haitamtajirisha. Akaitazama kitambo, akauliza, "Sasa niihifadhi vipi?" Nikamwonyesha kuifunga katika karatasi safi, mbali na moshi, mpira na mifuko laini ya plastiki, ambayo mingine huacha ukungu wa kijani. Akaifunga, akaenda zake. Ndimu aliiacha mezani kwangu, nami nikaitia katika chai.

Nanyi wanafunzi, mkirithi kitu cha kale, kisomeni kwanza. Kikiisha kufutwa hakisomeki tena.