Tarehe ya mwisho ya pasipoti si mwisho wa hesabu

Mkazi wa Msambweni au Ukunda anayekwenda kuhiji Makka, au kufanya kazi Dubai, yafaa aikague pasipoti yake kabla ya kununua tiketi. Pasipoti ya mtu mzima nchini Kenya hudumu miaka 10, lakini Saudi Arabia na Milki za Kiarabu humtaka mgeni awe na pasipoti iliyobakisha angalau miezi 6. Asipotimiza sharti hilo, huweza kuzuiliwa kupanda ndege papo hapo Mombasa, hata akiwa na viza, kwani shirika la ndege ndilo hulazimika kumrejesha abiria aliyekataliwa ugenini. Ombi la pasipoti mpya hujazwa katika mtandao wa eCitizen, kisha mwombaji hufika mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji. Kenya nayo huwawekea watalii wa Diani sharti lilo hilo la miezi 6.