Kinanda, Sauti ya Usharika na Tofauti Ndogo

Waumini wa Talatala au Matema wanapoachana na kinanda katikati ya wimbo, sisi wachungaji na walimu wa kwaya huwa wepesi kusema kwamba waumini ndio waliokosea. Historia inatutaka tusihukumu upesi hivyo.

Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, walileta nyimbo za Kijerumani. Katika zama zile vinanda vya Ulaya kwa kawaida viligawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Mpango huo huwezesha kinanda kimoja kupiga kila ufunguo, lakini una gharama yake. Sauti zipatanazo kwa asili huhusiana kwa hesabu nyepesi: do na so ni 2 kwa 3, do na mi ni 4 kwa 5. Ukipanda kwa hatua safi za do, so, re, la, mi, utaifikia mi iliyo juu kidogo ya ile ipatanayo na do, kwa kadiri ya 81 kwa 80. Tofauti hiyo, iitwayo koma, ni kama moja ya tano ya nusu-toni. Haifutiki, mtengeneza kinanda huamua tu aifiche wapi.

Wala hatua sawa si urithi wa Matengenezo. Mwaka 1523, Luther alipoanza kutunga nyimbo zake, Pietro Aaron wa Italia alieleza mpango mwingine, uliobana so kidogo ili mi ibaki safi.

Mfano uliochunguzwa vizuri nchini mwetu ni wa Wagogo wa Dodoma. Gerhard Kubik ameonyesha kwamba sauti zao hufuata mitetemo ya asili, kuanzia wa 4 hadi wa 9. Sauti ya 7 humo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Hukwe Zawose (1938–2003) aliipeleka sauti hiyo ulimwenguni kwa ilimba na zeze, wala hakuna aliyeiita kosa.

Howard Olson, mwalimu wa Makumira, alihifadhi tuni nyingi za Kiafrika katika Tumshangilieni Mungu. Hata hivyo noti za Ulaya hazionyeshi tofauti ndogo namna hii; huhifadhiwa na sikio la waimbaji.

Si kila kushuka kwa sauti ni usafi. Kwaya isiyofanya mazoezi hushuka pia. Lakini na tuufundishe wimbo kwanza bila kinanda, tusikilize, ndipo tuamue ni nani amfuate mwenzake.