Rwanda: Vitabu vya katuni vinavyowasimulia watoto historia ya mauaji ya kimbari

Sehemu kubwa ya Wanyarwanda wa leo hawakuwa wamezaliwa Aprili 7, 1994, siku yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa; serikali ya Rwanda inataja idadi inayozidi milioni moja. Mtoto wa miaka 13 hawezi kuzishika akilini tarakimu za namna hiyo. Kwa sababu hiyo waandishi, wachoraji na hata mahakama ya kimataifa wamegeukia simulizi za katuni.

Somo lililosimamishwa

Baada ya 1994, ufundishaji wa historia ya Rwanda ulisitishwa shuleni kwa miaka kadhaa. Sababu ilieleweka. Ni darasani humo humo ambamo vizazi vya watoto vilifundishwa kwamba Watutsi ni wageni waliotoka mbali, na walimu wakawaamuru wanafunzi kusimama kwa makundi ya kikabila ili wahesabiwe.

Somo hilo limerejea, na mtaala ulioanza kutumika 2016 unataka mauaji ya kimbari yafundishwe waziwazi. Hata hivyo kazi ya mwalimu si nyepesi. Kwenye dawati moja anaweza kuketi mtoto wa manusura na mtoto wa mtu aliyehukumiwa na mahakama za gacaca. Aidha, sheria ya 2008 dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, iliyofanyiwa marekebisho 2018, imewafanya baadhi ya walimu kupima kila neno wanalolitamka. Kitabu cha katuni humpunguzia mwalimu mzigo huo kwa kiasi fulani: wanafunzi hujadili alichokitenda mhusika, bila kulazimika kuanza na wazazi wao.

Vitabu vyenyewe

Kinachojulikana zaidi ni Deogratias cha Mbelgiji Jean-Philippe Stassen, kilichotoka 2000. Kinamfuata kijana wa Kihutu aliyerukwa na akili baada ya mauaji, anayezurura akitafuta pombe ya ndizi, urwagwa, na kujiona akigeuka mbwa. Msomaji hugundua polepole kijana huyo alihusika vipi na yaliyowapata dada wawili wa Kitutsi aliowapenda. Ni kitabu kizito, na pengine hakimfai mtoto wa shule ya msingi.

Rupert Bazambanza, mnusurika anayeishi Kanada, alichagua njia nyingine. Alichora maisha ya familia moja halisi, ya Rwanga, tangu siku za amani hadi maafa. Naye mchoraji wa Kikongo Pat Masioni, akishirikiana na waandishi wa Kifaransa, alitoa Rwanda 1994 kwa sehemu mbili, 2005 na 2008. Masioni huyo huyo ndiye aliyechora kitabu cha UNESCO kuhusu malkia Njinga Mbandi wa Angola ya kale.

Kisichochorwa

Nguvu ya katuni imo katika nafasi tupu kati ya picha na picha. Mchoraji anaweza kuchora mlango unaogongwa usiku, kisha picha inayofuata ikaonyesha jozi ya kandambili uani, basi. Kilichotokea katikati hujazwa na msomaji mwenyewe, kwa kadiri ya umri wake. Filamu hukimbia na mtazamaji wake. Kitabu humruhusu mtoto kusimama, kurudi nyuma ukurasa mmoja, au kukifunga.

Hatari nayo ipo. Mtoto huweza kuyachukua maneno yaliyotungwa na mwandishi kuwa ni kauli zilizotamkwa kweli. Kitabu cha namna hii husomwa vyema sambamba na ushuhuda wa manusura au ramani, mwalimu akiwauliza wanafunzi ni lipi lililothibitishwa na lipi lililobuniwa.

Kalamu ya chuki

Isisahaulike kwamba michoro ilitumika pia kuyaandaa mauaji. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa 1990, lilichapisha vibonzo vya kuwadhalilisha Watutsi, waliokuwa wakiitwa inyenzi, yaani mende. Jalada la toleo lake la 26, la mwishoni mwa 1993, lilikuwa na picha ya panga kando ya swali kuhusu silaha za kuwashinda inyenzi hao. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alitiwa hatiani Desemba 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa na makao yake Arusha, Tanzania. Rufaa ilipunguza kifungo chake cha maisha hadi miaka 35.

Mahakama hiyo hiyo, kabla ya kufungwa Desemba 31, 2015 ikiwa imewashtaki watu 93, ilichapisha kitabu chake cha katuni kwa ajili ya vijana, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Siku 100 katika Nchi ya Vilima Elfu. Vile vya Stassen na Masioni vilitoka kwanza kwa Kifaransa, katika maduka ya Ulaya, kwa bei ya Ulaya. Mwanafunzi wa Nyamata au Kibuye, anayezungumza Kinyarwanda nyumbani na kusoma masomo yake kwa Kiingereza, si rahisi kukutana navyo.