Kiolesura cha kushikika
Kiolesura cha kushikika ni njia ya kuiendesha kompyuta kwa kushika na kusogeza vitu halisi, badala ya kipanya na madirisha ya kwenye skrini. Mfano wa awali, ambao bado unapendeza kwa wepesi wake, ni mashine ya kupokea ujumbe wa simu aliyoibuni Durrell Bishop wa Royal College of Art, London, mwaka 1992. Kila ujumbe ulioachwa ulitoa gololi. Mwenye simu aliitia kwenye kishimo akausikia, au akaiweka juu ya simu ili kumpigia aliyeuacha. Hiroshi Ishii na Brygg Ullmer wa MIT waliipa fani hii msingi wa nadharia mwaka 1997. Reactable, meza ya muziki iliyobuniwa Barcelona, hutambua vibao vinavyowekwa juu yake kwa kamera iliyo chini ya meza. Kasoro kubwa ya kiolesura cha kushikika ni kwamba kitu halisi hakinakiliki wala hakifutiki kwa urahisi.